Kupunguza wanga: keto, Atkins, Banting... na sisi wa maharage tushike ipi?



Siku hizi ukiingia kafe yoyote, iwe Ngara mjini au Biharamulo, lazima umkute mtu kakodolea macho mambo ya keto. Mmoja anataka kutoa kitambi, mwingine mzazi wake kaambiwa ana kisukari. Wanachouliza ni kilekile: hizi dayati za kupunguza wanga ziko nyingi, mtu achukue ipi? Nimeona niliweke sawa kwa chakula chetu, maana wanaoziandika hawajawahi kuona chungu cha ndizi na maharage.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1863 fundi wa mazishi wa London, William Banting, alipungua unene kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia, akaandika kijitabu. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Robert Atkins, akaja na yake: unaanza na wanga gramu 20 tu kwa siku, halafu unaongeza pole pole. Keto inakubana moja kwa moja, gramu 20 hadi 50, na mafuta ndiyo yanakuwa chakula kikuu. (Hii ilianzia hospitali Marekani miaka ya 1920 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, wala si vitambi.) Mwaka 2013 Profesa Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini wakafufua jina la Banting. South Beach yenyewe ni ya daktari wa moyo wa Florida, na ndiyo laini kuliko zote. Halafu kuna ya kawaida isiyo na jina: usizidishe gramu 130 kwa siku, basi.

Sasa tupige hesabu. Sahani ya ugali wa mahindi ya gramu 300, ambayo kwa kijana wa kwetu ni ya kuanzia, ina wanga gramu 70 na kitu. Ndizi za kupika haziko mbali, na muhogo wa kuchemsha unazidi. Yaani keto imekwisha kabla hujanawa mikono! Soda moja ya mililita 350, kama gramu 35 za sukari.

Lakini kwa mtazamo wangu kinachoamua ni maharage. Kikombe kimoja yakiwa yameiva kina wanga kama gramu 40, ila zaidi ya 10 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo hazipandishi sukari. Keto inayakataa, Atkins inayakataa mwanzoni, Banting kali nayo hivyo hivyo. South Beach inayaruhusu tangu siku ya kwanza. Sasa mtu wa Ngara umwondolee ndizi, ugali NA maharage, umbakize na nini? Nyama choma ya Nyakanazi kila siku? Hela iko wapi?

Mama yangu mdogo anaishi upande wa Rulenge, ana kisukari cha aina ya pili. Binamu yangu akamprintia karatasi ya keto: unga wa lozi, jibini, mafuta ya nazi. Unga wa lozi, Rulenge! Mama wa watu akafuata alichoweza, akaacha ugali na ndizi ghafla, huku anameza vidonge vya glibenklamaidi dozi ile ile. Siku ya tatu akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka. Alipewa maji ya sukari akarudi, ila ilikuwa mbio. Kliniki wakampunguzia dozi, ndipo akaanza upya: ugali wa ukubwa wa ngumi, maharage, mchicha wa kutosha, dagaa au yai, na parachichi, ambalo wanga wake karibu wote ni nyuzinyuzi.

Kwa hiyo wewe mwenye mzazi anayetumia insulini au vidonge vya aina hiyo, usimpelekee karatasi kabla hajaongea na daktari wake. Wenye matatizo ya figo, wajawazito na wanaonyonyesha, hali kadhalika.

Kwa wazima wanaotaka kupungua tu, msigombane sana. Utafiti wa Stanford uliotoka 2018 ulifuata watu 609 mwaka mzima, nusu wakipunguza wanga, nusu wakipunguza mafuta. Wa wanga walipungua wastani wa kilo 6, wa mafuta kilo 5.3, na wataalamu wakasema hiyo si tofauti ya maana. Kwa hiyo chukua ile utakayoiweza mwakani. Mimi nasema ile ya gramu 130, yenye maharage.

Ila mnaokula sinia moja na ndugu, hapo hakuna kupima. Omba upakuliwe pembeni, na ujiandae kuulizwa kama unaumwa au unaringa.

Naomba kuwasilisha.