Virusi vya Mimea na Tiba ya Saratani: Yapasayo Kufahamika Kabla ya Kulipa

Mgonjwa aliyeambiwa kuwa ana saratani, pamoja na jamaa wanaomuuguza, hutafuta matumaini popote yanapotajwa. Miongoni mwa habari wanazoweza kukutana nazo ni ile isemayo kwamba virusi vinavyoshambulia mimea, kama vile kunde na tumbaku, vinaweza kubeba dawa hadi ndani ya uvimbe. Habari hiyo si uzushi. Ni utafiti wa kweli. Hata hivyo, safari ya kutoka maabara hadi kitandani kwa mgonjwa ni ndefu, na katikati yake mtu aweza kupoteza fedha zake na, lililo baya zaidi, muda wake wa kutibiwa. Tunaeleza hapa utafiti huo umefika wapi na tahadhari zinazofaa kuchukuliwa.

Virusi hivi ni vya namna gani?

Mkulima huitambua batobato kwa mabaka ya manjano na kijani kilichopauka yanayotokea juu ya majani. Virusi vya batobato ya tumbaku vina umbo la kijiti chenye tundu katikati, urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 18. Ganda lake limejengwa kwa protini zipatazo 2,130 zilizo sawasawa. Virusi vya batobato ya kunde, ambavyo vilitambuliwa kwanza nchini Nigeria, vinakaribia umbo la mpira, na upana wake ni nanomita 30 hivi. Vikipangwa katika mstari mmoja, vingehitajika zaidi ya 30,000 ili kutimiza milimita moja. Virusi hivi huzaliana ndani ya seli za mimea, wala havijulikani kumwambukiza binadamu maradhi.

Kwa nini vitumike kubeba dawa?

Dawa nyingi za tibakemikali husambaa mwilini kote. Huziua seli za saratani, lakini huziumiza pia seli nyingine zinazogawanyika upesi, kama zile za mizizi ya nywele, utumbo na uboho. Ndiyo maana wagonjwa wengi hunyonyoka nywele, hutapika na hupungukiwa na damu. Watafiti wanatafuta chombo kitakachofikisha sehemu kubwa zaidi ya dawa penye uvimbe na kuiepusha na viungo vingine.

Ganda la virusi vya mimea linafaa kwa kazi hiyo kwa sababu ukubwa wake haubadilikibadiliki, na huweza kuzalishwa kwa wingi katika majani. Katika maabara, dawa kama doksorubisini imeambatishwa kwenye ganda hilo, na dawa nyingine zimepakiwa ndani ya tundu la kijiti cha virusi vya tumbaku. Mishipa ya damu iliyo ndani ya uvimbe mara nyingi huvuja, hivyo chembe ndogo kama hizi huweza kupenya humo. Kwa upande wa uchunguzi, madini ya gadolini, ambayo hutumika kung'arisha picha za kipimo cha MRI, yamebandikwa kwa wingi juu ya ganda moja ili uvimbe uonekane vizuri zaidi.

Virusi vya kunde vimechunguzwa pia kwa njia nyingine. Vikidungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe, huiamsha kinga ya mwili iushambulie uvimbe huo. Watafiti nchini Marekani wameijaribu njia hii kwa panya na kwa mbwa waliokuwa na saratani.

Utafiti umefikia wapi?

Hadi tunapoandika kijitabu hiki, hakuna dawa ya saratani inayobebwa na virusi vya mimea iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida ya binadamu. Yapo maswali yanayosubiri majibu. Ini na bandama hunasa sehemu kubwa ya chembe hizi; mwili huweza kutengeneza kingamwili zitakazoidhoofisha dozi ya pili; na virusi sharti viondolewe uwezo wa kuambukiza ili visije vikaharibu mazao shambani. Wazo la chombo cha kubeba dawa si geni: doksorubisini iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Lakini kufaulu kwa chombo kimoja hakuthibitishi usalama wa kingine.

Tunamshauri mtumiaji

Kwanza, asinunue kidonge, sindano wala unga unaotangazwa kuwa na virusi vya mimea vya kutibu saratani. Kula majani yenye batobato nako si tiba: virusi vinavyotumika maabara husafishwa, hupimwa na huandaliwa kwa kazi maalumu.

Pili, akialikwa kushiriki katika jaribio la dawa, aombe maelezo ya maandishi na aulize ni kamati gani ya maadili iliyoliidhinisha. Mshiriki hutia saini kwa hiari na anaweza kujitoa wakati wowote. Akitakiwa kuinunua dawa inayojaribiwa, asite na aulize kwanza.

Tatu, asiache tibakemikali, mionzi au upasuaji aliopangiwa bila kuzungumza na daktari wake. Madhara ya dawa yakimzidi, amweleze; mara nyingi ipo njia ya kuyapunguza.

Nne, aliyekwisha kununua bidhaa ya namna hiyo ahifadhi stakabadhi na kifungashio, kisha atoe taarifa kwa mamlaka ya dawa ya nchi yake.

Fedha zilizolipwa huenda zikarudishwa. Miezi ambayo uvimbe umeachwa ukue bila tiba hairudishwi na mtu yeyote.