Wikendi ya Watu Wawili Mbarara na Biharwe kwa Fedha Kidogo

Safari ya wikendi ni safari ya usiku mmoja. Msafiri huondoka Jumamosi alfajiri, akatembea, akalala, akarudi Jumapili kabla giza halijaingia. Kwa wakazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, jiji la karibu la kufanyia matembezi ya namna hiyo ni Mbarara, umbali wa kilomita 60 hivi. Wengi wanalijua kwa shida zao: hospitali ya rufaa, maduka ya jumla, basi la kwenda Kampala. Waliowahi kulala huko kwa ajili ya kutembea tu ni wachache. Inasikitisha, maana nje kidogo ya jiji, kwenye barabara ya Masaka, kuna Biharwe, mahali penye kisa kikubwa kuliko vyote katika historia ya Ankole, na kufika huko hakuhitaji mfuko wa tajiri.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Ndiyo makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Uganda. Wa kwanza kupokewa walikuwa Wanyarwanda. Leo wanaishi humo Wakongomani, ambao ndio wengi zaidi, pamoja na Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wanyarwanda wenyewe. Ndiyo maana si ajabu marafiki wawili wanaopanga safari wawe mmoja ametoka Kivu na mwingine Mogadishu, wakapatana bei na kubishana njiani kwa Kiswahili. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea kwa uhuru nchini, ndani ya mipaka ya kisheria inayowekwa kwa sababu za usalama na utaratibu wa umma. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuwekwa mfukoni ni kitambulisho cha mkimbizi. Ambaye hajakipata hubeba hati ya usajili ya familia, na huuliza mapema ofisini kama anahitaji barua ya ruhusa. Cha pili ni kuangalia tarehe. Wikendi inayogusana na siku ya mgao wa misaada au ya uhakiki wa majina si ya safari, maana jina likiitwa mwenyewe hayupo, kulirudisha ni kazi ya siku nyingi.

Faida ya kusafiri wawili si mazungumzo pekee. Iko katika hesabu. Gharama za safari ni za aina mbili: zile zinazogawanyika na zile zisizogawanyika. Nauli ya taksi haigawanyiki, kila kiti kina mtu wake. Kiingilio cha makumbusho hakigawanyiki. Chumba cha kulala kinagawanyika, na vilevile gari la kukodi, malipo ya mwongozaji anayehudumia kundi, na hata sahani kubwa ya nyama choma. Tuseme chumba kinalipiwa shilingi 40,000 kwa usiku: aliye peke yake anazitoa zote, walio wawili wanatoa 20,000 kila mmoja, na zile 20,000 zilizobaki zinatosha kumlisha mtu vizuri siku hiyo. Hivyo wanaojua kubana matumizi hupunguza vitu visivyogawanyika na kuvitumia kikamilifu vile vinavyogawanyika. Boda boda isihesabiwe katika vile vinavyogawanyika. Kupakizana watatu kwenye pikipiki moja ili kuokoa nauli ni kuuza mguu kwa bei ya soda.

Fedha nazo zikubaliwe kabla ya kuondoka. Njia iliyo salama kwa urafiki ni kila mmoja kutoa kiasi kilekile, kikawekwa pamoja, mmoja akawa mshika fedha na mwingine akawa anaandika. Zawadi na vitu vya mtu binafsi vitoke mfuko mwingine. Fedha ya kutumia itolewe kwa wakala mara moja, kwa sababu ada za kutoa kwenye simu hula zaidi pale mtu anapotoa kidogokidogo.

Majira nayo yana neno. Isingiro na Mbarara zimo katika ukanda wa wafugaji, nchi ya nyasi na jua kali kuliko sehemu nyingi za Uganda. Mvua huja misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, na kile cha Desemba hadi Februari, ndicho kinachofaa zaidi: barabara za udongo hupitika, na mtu hupanda kilima bila kuteleza. Vumbi lipo, lakini vumbi hukung'utwa.

Kutoka Base Camp, kitovu cha makazi ya Nakivale, taksi (ndivyo Uganda wanavyoiita matatu) hupita barabara ya vumbi mpaka lami ya Isingiro, kisha ikashuka Mbarara. Haiondoki hadi ijae, kwa hiyo anayewahi asubuhi, saa ambayo wafanyabiashara nao wanakwenda kununua bidhaa, hangoji sana. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ina sehemu za taksi zenye vurugu ya kawaida ya wapiga debe. Anayetaka Biharwe aulize magari ya upande wa Masaka, yanayokwenda Sanga au Lyantonde, na amwambie kondakta anashukia Igongo, kituo cha utamaduni kilicho chini ya kilima cha Biharwe. Ni mwendo wa kilomita kumi na kitu. Bei itajwe kabla ya kupanda, tena kwa sauti ya mtu anayejua anakokwenda.

Biharwe ni kilima na mji mdogo wa kando ya barabara, sasa ndani ya mipaka ya Jiji la Mbarara. Umaarufu wake unatokana na siku moja. Simulizi za Nkore, ufalme ambao baadaye uliitwa Ankole, zinasema kwamba Olimi wa Kwanza, mfalme wa Bunyoro-Kitara, aliivamia nchi hiyo wakati wa utawala wa Ntare wa Kwanza Nyabugaro. Nkore haikuwa na nguvu ya kumzuia. Majeshi ya Bunyoro yaliteka ng'ombe wengi, na walipokuwa Biharwe mchana ukageuka usiku. Mfalme mvamizi aliona ni onyo kutoka juu, akaondoka mbio na watu wake, na mifugo ikabaki. Wenyeji walipotoka mafichoni wakakuta ng'ombe wametapakaa bila mchungaji, na hadithi ikaenea kuwa wameanguka kutoka mbinguni.

Kilichotokea kinaelezeka. Mwezi ulipita katikati ya jua na dunia, kivuli chake kikaangukia nchi ile. Kupatwa kwa jua kikamilifu hudumu dakika chache tu mahali pamoja, na hata kule kurefu kabisa hakufiki dakika nane. Lakini ndani ya dakika hizo joto hushuka, ndege hunyamaza, nyota huonekana. Kwa sababu mwendo wa mwezi na jua unaweza kupigiwa hesabu kurudi nyuma mamia ya miaka, wanahistoria walikitumia kisa hiki kukadiria wafalme wa eneo la Maziwa Makuu waliishi lini, wakakipa tarehe 17 Aprili 1520. Hilo ni jambo la kuthaminiwa sana. Ufalme ambao haukuwa na maandishi uliacha alama ya wakati angani, na wazee wakaihifadhi kwa masimulizi mpaka vitabu vikaikuta.

Leo kuna mnara wa kumbukumbu juu ya kilima, ng'ambo ya barabara ukitokea Igongo. Kupanda kwa miguu ni jasho la muda mfupi, na juu pale macho yanapata malipo yake: mashamba ya migomba, malisho, na barabara kuu ikipita chini na malori yake. Pahali hapo panafaa kwenda asubuhi kabla jua halijawaka, na chupa ya maji isisahauliwe. Waliosikia kisa wakiwa wamesimama kilimani hukielewa kuliko waliokisoma darasani.

Jua halijaacha kupatwa, na jirani zetu wameliona. Tarehe 3 Novemba 2013 watu walimiminika Pakwach, kaskazini mwa Uganda, kuona giza la sekunde chache. Tarehe 1 Septemba 2016 watazamaji walikusanyika Rujewa, kusini mwa Tanzania, kuona jua likibaki kama pete ya moto. Njia ya kupatwa kwa tarehe 2 Agosti 2027 inaanzia Atlantiki, inapita kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Afrika, inavuka Misri na Uarabuni, kisha inaigusa ncha ya Somalia. Wasomali wa Nakivale wenye ndugu huko Puntland wana sababu ya kuikumbuka tarehe hiyo.

Chini ya kilima, kando ya barabara kuu, kuna Kituo cha Utamaduni cha Igongo, kilichoanzishwa na James Tumusiime, yuleyule aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji ya Fountain. Pana hoteli, mgahawa na jumba la makumbusho liitwalo Eriijukiro, lenye mkusanyiko mzuri wa vitu vya watu wa kusini-magharibi mwa Uganda. Kiingilio kiulizwe kwa simu kabla ya safari, pamoja na saa za kufungua. Mahali pa kutulia zaidi humo ni kwenye vyombo vya maziwa. Chombo cha maziwa cha Wahima, wafugaji wa Ankole, kiitwacho ekyanzi, huchongwa kwa kipande kimoja cha mti, kikakaushwa, kikafukizwa moshi wa nyasi ili maziwa yasiharibike na yapate harufu yake. Kifuniko chake husukwa kwa mkono, kimechongoka juu, na misuko ni myembamba kiasi kwamba lazima mtu ainame kuiona. Mnyarwanda au Mkongomani wa Masisi akifika hapo hahitaji kuelezwa mengi. Kwao pia kuna vyombo vya namna hiyo, na ng'ombe wa pembe ndefu wa Ankole ni ndugu wa inyambo wa Rwanda. Huyo ndiye anayefaa kuwa mwongozaji wa rafiki yake.

Chakula cha kuonja ni eshabwe, mchuzi mweupe wa Ankole usiopikwa motoni. Samli hupigwa na maji ya chumvi ya mwamba hadi igeuke nyeupe, kisha huongezwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ikapigwa tena na kuchujwa. Huliwa na karo, ugali wa ulezi, au na matoke. Kwenye mgahawa wa hoteli sahani huwa na bei yake. Wawili wanaweza kuagiza moja ya eshabwe kwa kuonja na kushiba kwingine. Kushiba kwenyewe ni rahisi Mbarara: rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, hupikwa kando ya barabara mteja akiangalia, na vibanda vya maziwa huuza maziwa ya moto au bongo, maziwa ya mgando, kwa kikombe. Jiji hili limo katikati ya nchi ya maziwa. Maziwa ya Lato yanayouzwa madukani Nakivale hutengenezwa hapahapa. Kikombe cha bongo na chapati mbili ni mlo wa asubuhi usiomwonea mtu.

Malazi yatafutwe mjini, si kando ya barabara kuu. Gesti za bei nafuu ziko karibu na sehemu za taksi, lakini huko kelele hazilali. Mtaa mmoja au miwili nyuma huwa na utulivu kwa bei isiyopishana sana. Chumba kionwe kabla ya kulipiwa: kitasa, chandarua, maji, na kama vitanda ni viwili. Risiti ichukuliwe.

Jumapili asubuhi inatosha kwa mji. Kilima cha Kamukuzi kilikuwa makao ya wafalme wa Ankole mpaka falme zilipofutwa mwaka 1967. Falme nyingine zilirejeshwa kuanzia 1993, ya Ankole haikurejeshwa. Wafalme wawili wa mwisho, Kahaya wa Pili aliyefariki 1944 na Gasiyonga wa Pili aliyefariki 1982, wamezikwa Nkokonjeru, nje kidogo ya mji. Njiani kuna Ntare School, shule iliyofunguliwa 1956, ambako walisoma Yoweri Museveni na Paul Kagame.

Wengine watataka kuongeza Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyo mbele ya Biharwe upande wa Sanga, yenye pundamilia, swala pala, na twiga waliohamishiwa huko mwaka 2015. Kwa wikendi ya fedha kidogo, haifai. Kiingilio, gari na mwongozaji vikijumlishwa, hifadhi peke yake humeza bajeti nzima, hata kwa wawili. Atakayeitaka aipangie safari yake yenyewe, akiwa na kundi la kujaza gari. Na aulize kiwango chake langoni: Uganda hutoza raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kidogo kuliko wageni wa nje, na Kongo ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024.

Kurudi ndiko kunakowaponza wengi. Mchana wa Jumapili huwa mtamu, na mtu husema bado kikombe kimoja. Abiria wa Nakivale wakipungua jioni, taksi hukaa muda mrefu bila kujaa, na nauli inaweza kupanda. Aliyefika kwenye gari saa nane mchana hulala kwake. Aliyefika saa kumi na mbili huenda akalipia chumba usiku wa pili.