Kifua kinachobana: Uliza picha ya moyo kabla ya kuvuka mpaka

KATIKA biashara ya mpakani ni rahisi kuyapa maumivu ya kifua majina mengine: vidonda vya tumbo, uchovu wa safari, mzigo mzito. Pengine ni kweli. Lakini kifua kinachobana mtu akipanda ngazi au akibeba gunia, kisha kikatulia akipumzika, kinaweza kuwa dalili kwamba mishipa inayolisha moyo imeanza kuziba.

Wengi hukwepa hospitali kwa kuogopa kuingizwa mrija hadi kwenye moyo kupitia mkononi au kwenye kinena. Kipimo hicho bado ni muhimu, hasa pale mshipa unapotakiwa kuzibuliwa. Hata hivyo, si kila mwenye maumivu anakihitaji. CT-Scan ya mishipa ya moyo humpiga picha mgonjwa akiwa amelala, baada ya kuchomwa dawa maalumu kwenye mshipa wa mkono. Mapigo yakiwa ya kasi hupewa dawa ya kuyapunguza, kwani moyo unaokwenda mbio hutoa picha yenye ukungu.

Utafiti wa SCOT-HEART uliofanyika Scotland kwa wagonjwa 4,146, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, uliwafuatilia kwa takriban miaka mitano. Waliokufa kwa maradhi hayo au kupata shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3 miongoni mwa waliopigwa CT-Scan, na asilimia 3.9 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida pekee. Picha haitibu, iliwasaidia madaktari kujua nani aanze dawa mapema.

Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Kampala ina Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Kwa mfanyabiashara wa Mutukula upande wa Tanzania, Kampala ndiyo jirani. Kabla ya kusafiri, aulize kama kipimo kinapatikana, kama bima yake inakubalika huko na bei ni kiasi gani. Amweleze daktari kama ana matatizo ya figo, kisukari, mzio au ujauzito.

Magunia huvuka na cheti cha uasili wa bidhaa. Majibu ya moyo nayo yavuke kamili: picha zenyewe kwenye CD, si karatasi ya maelezo tu. Zikikosekana, huenda kipimo kikarudiwa, yaani mionzi mara ya pili na malipo mara ya pili.

Maumivu yakija mtu akiwa amepumzika, yasipoisha na yakiambatana na jasho au pumzi kubana, asisubiri kipimo wala mpaka. Akimbizwe hospitali iliyo karibu.