Kabla zege halijamwagwa, waulizeni wa kwenye vimbweta

Ukiingia chuo kikuu cha Tanzania wiki za mitihani, usihangaike kuwatafuta wanafunzi madarasani. Wako kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege chini ya miti. Madesa yametandazwa, mmoja anawafundisha wenzake watano, na waya wa eksitensheni umevutwa kupitia dirisha la jengo la jirani ili kompyuta zisizime. Ndani ya jengo hilo hilo kuna vyumba vya semina vilivyofungwa kwa kufuli.

Kimbweta sijasikia kikikatiwa utepe na mgeni rasmi. Lakini kina kivuli, kina upepo, kina ruhusa ya kuongea kwa sauti, na watu sita wanakaa wakitazamana. Wanafunzi wameshatoa hukumu yao juu ya majengo tunayowajengea, na wameitoa kwa kwenda kukaa nje.

Haikuwa hivi tangu zamani. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Wasanifu wake, Norman & Dawbarn wa Uingereza, walikuwa na adabu ya kuiuliza kwanza hali ya hewa. Watu wengi wanaujua Ukumbi wa Nkrumah kwa sababu ya noti ya zamani ya shilingi 500. Mimi nasifu zaidi njia zilizoezekwa, korido zilizo wazi na vyumba vyembamba vinavyopitisha upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi. Leo tunapandisha ukuta wa vioo ukitazama magharibi. Saa tisa alasiri jua linafika mpaka ubaoni, mapazia yanashushwa, taa zinawashwa mchana kweupe, kiyoyozi kinanguruma. Umeme ukikatika, kipindi kimeishia hapo.

Kosa hili si la maskini peke yao. Chuo cha MIT, Marekani, kilikuwa na Jengo namba 20, banda la mbao lililojengwa haraka mwaka 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada na lililotakiwa kubomolewa vita vikiisha. Lilidumu hadi 1998, na watafiti walilipenda kwelikweli. Ukitaka tundu ukutani, ulitoboa bila kumwandikia mtu barua. Jerrold Zacharias alipokuwa akitengeneza saa ya atomiki, mtambo wake ulikuwa mrefu kuliko chumba, basi sakafu mbili zikaondolewa. Mahali pake lilisimama mwaka 2004 jengo la Frank Gehry, mtu mwenye sifa dunia nzima, kwa takriban dola milioni 300. Mwaka 2007 chuo kilimshtaki kwa madai ya kuvuja na nyufa. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2010.

Chuo Kikuu cha Oregon kilishika njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilimwita msanifu Christopher Alexander, naye akaja na pendekezo lililowashangaza wasanifu wenzake: mchoro wa kwanza wautoe watakaotumia jengo, yaani walimu, wanafunzi na wafanyakazi, mtaalamu awe msaidizi wao. Tena fedha zisiishie kwenye majengo makubwa machache. Sehemu yake iende kwenye marekebisho madogo madogo, kama benchi, kibaraza au dirisha. Aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1975, The Oregon Experiment. Ni kazi ya polepole yenye vikao vingi, na vikao vinachosha. Lakini kikao kimoja kirefu ni nafuu kuliko kubomoa ukuta.

Na mtumiaji si profesa tu. Muulizeni mama anayefagia: ndoo anaihifadhi wapi, maji anayapandisha ghorofa ya tatu kwa njia gani? Muulizeni mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, ambaye Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua, huku ngazi sita mlangoni zikimkataa. Majibu yao hayahitaji mtaalamu kutoka nje.

Nayasema haya sasa kwa sababu Tanzania inajenga vyuo kwa kasi. Mradi wa elimu ya juu wa HEET pekee, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umeanzisha maabara, mabweni na kampasi mpya mikoani. Zege halilali, mafundi wanasema, na likishakauka hakuna wa kuulizwa. Kwa hiyo mabaraza ya vyuo yabandike michoro kwenye ubao wa matangazo kabla ya zabuni, yapokee maoni, na mwaka mmoja baada ya ufunguzi yarudi na daftari kuuliza nini kinafanya kazi na nini hakifanyi. Na vyumba vya semina vifunguliwe hata wiki hii. Hilo halihitaji mkopo.