Kufunza Viongozi wa Uokoaji kwa Kompyuta

Oktoba 2015 maduara ya Nyangarata, wilayani Kahama, yaliporomoka. Watu watano waliokwisha kudhaniwa wafu walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Je, ni nani aamuaye msako ukome lini?

Huko Marekani taasisi ya NIOSH ilitunga programu ya kompyuta iitwayo MERITS, inayoiga ajali ya mgodi wa makaa ya mawe. Kiongozi huletewa habari nusunusu, saa zikizidi kwenda, na kila amri yake huzaa matokeo. Akikosea, hafi mtu.

Programu ya kufaa Rwamgasa, Geita, ingebidi iige maduara membamba, kamba, matimba na maji ya masika. Swali lake la kwanza, ambalo pasipo daftari la wanaoshuka halijibiki: wamo wangapi?