Matembezi ya sikukuu yasile mtaji

Wafanyabiashara wa Ngara na Biharamulo wanaopanga kupeleka familia mbugani mwisho wa mwaka hawana haja ya kwenda mbali. Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ipo jirani. Kiingilio cha raia ni nafuu. Kinachoumiza ni gari. Gari hukodishwa kwa siku, si kwa kichwa, hivyo familia mbili zikichanga, kila moja hulipa nusu.

Disney ya Florida huuza tiketi za sherehe yake ya Halloween kwa bei nafuu kwa usiku wa Agosti, ghali kwa usiku wa Oktoba. Soko ni lile lile: tarehe hubadilisha bei, hivyo patana mapema. Tumia faida, usiguse mtaji. Januari mahitaji ya shule yanangoja.