Ramani ya Darasa: Kutoka Mchangani Hadi Kwenye Kompyuta

Mwanachuo mmoja alikwenda kufundisha somo la ramani katika shule moja hapa Iringa, akiwa na andalio zuri na karatasi za kutosha. Watoto walipoambiwa wachore darasa lao, wengi walichora ubao kama wauonavyo wakiwa wameketi, hata na chaki zake. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha kwamba ramani hutazamwa kutoka juu.

Watu wazima nao hawaamini mchoro mara moja. Msanifu majengo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 huko Gando, Burkina Faso, kijiji ambacho hakikuwa na shule. Alipokuwa mwanafunzi mjini Berlin alikusudia kuwajengea wenziwe shule ya msingi ya udongo. Wakasita, maana walijua mvua huufanya nini udongo. Katika kazi za Gando walijenga tao la majaribio, watu wakapanda juu wakarukaruka, halikuanguka. Shule ilikamilika mwaka 2001, kwa matofali ya udongo na saruji kidogo, na paa la mabati lililoinuliwa juu ya dari ili joto litoke. (Sisi tufundishao chini ya mabati yaliyopigiliwa moja kwa moja twajua thamani ya nafasi hiyo.)

Mwaka 2017 Kéré akawa profesa mjini Munich, huku akiendelea na ofisi yake. Mwaka 2022 akapata Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kando ya Ziwa Turkana, Kenya, alisanifu chuo cha kompyuta kilichokamilika mwaka 2021. Minara yake, iliyofuata umbo la vichuguu, hutoa hewa ya moto juu, na hewa baridi huingia kwa matundu ya chini, mitambo isipate joto kupita kiasi.

Basi, mwanachuo, anza uwanjani. Wanafunzi wapime darasa kwa hatua, kisha kwa kamba ya mita. Likiwa mita 8 kwa 6, walichore mchangani sentimita 80 kwa 60, waweke vijiti mahali pa madawati, wasimame na kuangalia chini. Kesho yake wahamishie karatasini, sentimita 1 kwa mita 1. Shule yenye kompyuta iitumie siku ya tatu: mashine hukuza na kupunguza mchoro upesi, lakini mtoto asiyejua anatazama kutoka wapi ataukuza ubao uleule na chaki zake.